Kiti Namba Themanini na Nane

Kuna watu walioumbwa kusema, na kuna walioumbwa kuhesabu wanaosema. Karani huyu alikuwa wa kundi la pili. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ya makarani bungeni, mbele ya kiti cha Spika na chini yake kidogo, mahali ambapo kamera za televisheni zilimwonyesha utosi tu. Mkewe aliwaambia wageni, "Mume wangu hutokea kwenye taarifa ya habari kila siku," na wageni wakikodoa macho wanaona kipara kinapita. Mtaani walimwita Bwana Ndiyo-Hapana. Jina halikumuudhi. Wako walioitwa vibaya zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Ijumaa hiyo, saa tano kasoro dakika kumi, kengele ya kura ililia. Msidhani ni kengele kama ya shule. Hulia dakika sita kamili, ukumbini, kwenye korido, kwenye mkahawa na mpaka vyooni, na inasemekana mheshimiwa mmoja aliwahi kutoka huko mbio akiwa amefunga mkanda shingoni na tai kiunoni. Dakika ya sita ikiisha, milango hufungwa kwa ufunguo. Aliyebaki nje, awe waziri, awe mgonjwa, kura yake imemfia mkononi.

Siku za kawaida hakuna haja ya kengele. Mwenye kiti huuliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo," wanasema. "Wasioafiki waseme hapana," wanasema. Kisha huamua kwa masikio yake nani amepiga kelele zaidi, na masikio ya mwenye kiti, kama ya mama mkwe, husikia yanachotaka. Lakini wabunge thelathini wakisimama kupinga masikio hayo, kanuni inasema kila mmoja aulizwe peke yake. Ijumaa hiyo walisimama zaidi ya hamsini.

Mswada wenyewe uliitwa Mswada wa Hifadhi ya Reli. Kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini kutoka relini ibomolewe katika siku thelathini, bila fidia, kwa kuwa waliojenga hapo walijipeleka wenyewe. Nyumba ya karani ilikuwa mita arobaini na moja. Alikuwa ameipima kwa futi ya cherehani ya mkewe, akiinama na kuinuka mara ishirini na saba na kipande, huku watoto wa jirani wakimfuata nyuma wakidhani mzee amepoteza kitu.

Karani alisimama na karatasi yake ndefu yenye safu mbili. Akaanza kuita. Pale watu hawaitwi kwa majina, huitwa kwa viti.

"Kiti namba moja?"

"Ndiyo!"

"Kiti namba mbili?"

"Hapana!"

Sauti yake ilikuwa kavu na tambarare, kama sauti ya mtu anayehesabu magunia ya wengine. Kila "ndiyo" ilikuwa tofali linaloanguka, na yeye ndiye aliyekuwa akiliita lianguke. Spika alikuwa amesafiri kwenda kuzika ndugu yake, kwa hiyo kitini alikaa Naibu Spika, mzee mrefu mwenye kikohozi kifupi, ambaye siku nyingine hukaa kiti namba themanini na nane. Aliyekaa kitini hapigi kura. Karani alijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Alipofika themanini na saba akaita, akajibiwa. Akaruka themanini na nane, akaita themanini na tisa. Hakuna aliyejizuia kupiga kura siku hiyo. Mambo yalikuwa makali mno kwa mtu kukaa katikati.

Karani mwenzake, mama mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, alijumlisha safu. Waliosaini daftari la mahudhurio, mia mbili ishirini na tatu. Ndiyo mia moja na kumi na mbili. Hapana mia moja na kumi na moja. Akajumlisha tena, akalinganisha na daftari, akaitikia kwa kichwa kwamba zimekaa sawa. Karatasi ikapanda kwa Naibu Spika, naye akakohoa, akasoma.

Kwa kura moja mita arobaini na moja zikageuka sheria, au karibu na sheria.

*

Saa tisa alasiri karani alikuwa peke yake ofisini, ananakili matokeo kwenye kitabu kikubwa kwa wino mweusi. Ni kazi ya kuchosha: namba ya kiti, alama, namba ya kiti, alama. Alikuwa anafikiria mabati. Kwamba mabati yakivuliwa vizuri, misumari ikichomolewa bila kupindisha, yanaweza kutumika tena. Ndipo jicho lake likafika themanini na nane.

Tiki. Safu ya Ndiyo.

Akaweka kalamu chini. Akaiangalia karatasi ile kama mtu anayeangalia nyoka na kujiuliza kama ni mkanda. Hakuwa ameita namba hiyo. Alikumbuka mdomo wake ukiruka kutoka themanini na saba kwenda themanini na tisa. Lakini Naibu Spika, tangu aingie bungeni miaka kumi na moja iliyopita, hajawahi kusema hapana hata kwa bahati mbaya, na kwa miaka kumi na moja mkono wa karani ulikuwa ukitia tiki pale kabla mzee hajamaliza kukohoa. Siku hiyo mdomo uliruka. Mkono haukuruka.

Na hesabu ndiyo iliyoficha kosa. Watu mia mbili ishirini na tatu walisaini daftari, na Naibu akiwa mmojawao. Kwa hiyo kura zilipaswa kuwa mia mbili ishirini na mbili tu. Ile tiki ya uongo iliziba pengo la mtu asiyepiga kura, na jumla ikakaa vizuri kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Kura za kweli zilikuwa mia moja na kumi na moja kwa mia moja na kumi na moja. Na kanuni ya Bunge lile ni nyepesi, hata mtoto angeishika: kura zikilingana, hoja imeanguka.

Akaitazama mikono yake. Akaikalia. Mwenzake mnene akapita mlangoni na mkoba wake begani.

"Bado upo? Nenda nyumbani, kaka. Ijumaa imeshaisha."

"Namalizia."

"Mbona unakalia mikono?"

"Baridi."

Mama yule akatazama dirisha ambalo jua lilikuwa linapasua kioo chake, akamtazama karani, akaona si kazi yake, akaenda.

*

Nyumbani alikuta wateja wa mkewe wamekusanyika mlangoni. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na kwa kawaida Ijumaa jioni watu huja kuleta vitambaa. Hawa walikuja kuvichukua.

"Si kwamba sikuamini, shoga yangu," mwalimu mmoja wa kike alikuwa anasema, huku ameshikilia furushi lake la kitambaa cha kijani kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. "Lakini matofali yakianguka hayachagui kitambaa cha nani."

"Nimeshakata mikono," mkewe akasema. "Mikono kumi na nane. Utaipeleka wapi mikono bila mashati?"

"Nipe hivyo hivyo. Nitatafuta mwingine aishone."

Mkewe akamhesabia mikono ile mmoja mmoja, bila kumtazama usoni. Mwalimu alipomwona karani akaamkia haraka na kuondoka. Wengine nao wakafanya vivyo hivyo. Ni jambo la kustaajabisha jinsi watu wanavyojua kuwahi wakati wa msiba wa mwenzao.

Binti yao mkubwa, aliyerudi nyumbani na mumewe kusubiri kujifungua, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tumbo limemjaa mapajani. "Baba," akasema, "kwenye redio wamesema ni kura moja."

"Moja."

"Huyo mtu mmoja ni nani? Mimi ningependa tu kumjua sura."

Karani akasema anaumwa kichwa, akaingia chumbani, akalala na viatu.

*

Jumamosi asubuhi walikuja wapimaji watatu na mkebe wa rangi ya buluu. Hawakugombana na mtu. Walinyoosha kamba kutoka relini, wakaandika umbali kwenye ukuta wa kila nyumba, tarakimu kubwa kama za jezi za mpira. Kwa kinyozi wa jirani waliandika 38. Kwa karani, 41. Karani akashikwa na wazimu mdogo wa kujivunia kwamba futi ya cherehani haikudanganya, kisha akaona haya.

Kinyozi alikuwa amesimama na mkasi mkononi, mteja wake nyuma yake amenyolewa nusu kichwa.

"Bwana Ndiyo-Hapana!" akaita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Nilikuona jana kwenye televisheni. Yaani kipara chako nilikiona. Ulivyokuwa unawaita vizuri! Namba moja, namba mbili, kama unagawa zawadi."

"Ni kazi, jirani."

"Kazi, ndiyo. Hata mchimba kaburi ni kazi. Lakini hukuweza hata kukohoa? Mtu anaita kubomolewa kwa nyumba yake mwenyewe, sauti haikwami hata kidogo! Mimi nikinyoa mtu nikamkata sikio, mkono hunitetemeka siku mbili."

Watu wakacheka, kicheko kile cha watu ambao wangependa kulia. Mteja mwenye nusu kichwa akacheka kuliko wote. Karani akafungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, limekaa juu ya ulimi: kura zililingana. Maneno mawili tu. Akaona macho yote yale, akawaona wakimbeba mabegani mpaka bungeni, akawaona polisi wakiwasubiri. Akafunga mdomo, akarudi ndani.

Mkewe alikuwa ameziba mlango wa chumba kwa mwili wake.

"Baba watoto, tangu jana umekuwa kama mtu aliyemeza ufunguo. Sema."

"Hakuna kitu."

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na nane. Ukiwa na huzuni, unakula sana. Jana hukula. Hii si huzuni, hii ni hofu. Unaogopa nini ambacho hakijatokea tayari?"

Akamwambia. Alimweleza kwa kunong'ona, huku reli ikipiga kelele ya gari moshi la mizigo, na kila behewa lilipopita alisita na kuanza tena. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Usoni kwake kwanza kulipita mwanga, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Halafu mwanga ule ukafifia polepole, na hilo ndilo lililomtisha karani zaidi.

"Kwa hiyo haijapita," akasema.

"Haijapita. Lakini imetangazwa imepita."

"Nani anajua?"

"Mimi. Sasa na wewe."

"Na ukisema?"

"Nikisema, wataniuliza nyumba yangu iko mita ngapi." Karani akaonyesha ukuta, ambako upande wa pili rangi ilikuwa bado mbichi. "Wameniandikia jibu."

Mkewe akaketi kitandani. "Watasema umeghushi ili uokoe nyumba."

"Ndiyo."

"Watakufunga."

"Huenda. Na nikinyamaza, Jumatatu saa tatu kumbukumbu zitasomwa na kuthibitishwa, na hapo ndipo imekwisha. Kumbukumbu ikithibitishwa haiguswi tena."

Nje kinyozi alikuwa amerudi kazini, mkasi unasikika. Mkewe akachukua kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki sakafuni, akakikunja, akakikunjua.

"Unajua ninachoogopa?" akasema hatimaye. "Siogopi nyumba kuvunjwa. Tumewahi kulala pabaya zaidi. Naogopa kwamba ungenificha. Ungekaa na mimi uzeeni, kwenye chumba cha kupanga, unaniangalia napika kwenye korido, na wewe unajua." Akamtazama. "Mimi sikuambii useme, wala sikuambii unyamaze. Kwenye kufungwa utafungwa wewe mmoja, kwenye kuvunjiwa tutavunjiwa wote, basi siwezi kukuamulia. Ila usile chakula changu na uongo mdomoni."

Jumapili karani hakula kitu.

*

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa Katibu wa Bunge, mkuu wa makarani wote, mtu msafi ambaye hata ukucha wake ungeweza kusainia barua. Katibu alimkaribisha, akamwagizia chai, akamsikiliza akiwa amekunja vidole. Karani alimwekea karatasi mezani, akamwonyesha tiki. Katibu hakuishika. Aliitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama jeraha la mwenzake.

"Jumla ni ngapi?" akauliza.

"Mia mbili ishirini na tatu."

"Na daftari la mahudhurio?"

"Mia mbili ishirini na tatu, lakini mheshimiwa Naibu alikuwa—"

"Basi zimelingana na daftari." Katibu akatabasamu. "Mzee wangu, umebakiza muda gani kustaafu?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Umechoka. Ni halali yako kuchoka. Mtu akichoka, huona alama zinatembea." Akakoroga chai yake ingawa hakuwa ametia sukari. "Nyumba yako iko wapi?"

Karani akahisi jasho likishuka katikati ya mgongo, tone moja, polepole, kama mdudu. "Karibu na reli."

"Mita ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Najua," Katibu akasema kwa upole. "Nilitaka tu usikie mwenyewe unavyolitamka. Fikiria sasa unalitamka mbele ya hakimu. Nani katika nchi hii atakuamini?"

Kisha Katibu, akidhani mambo yamekwisha, akataka kumchekesha, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ofisi.

"Yaani nyie makarani! Unamkumbuka yule mzee aliyekuwepo kabla yako? Alisoma kumbukumbu akasema Bunge lilikutana tarehe thelathini Februari. Akauliza Spika, 'Kumbukumbu ni sahihi?' Wote, ndiyooo! Kesho yake mzee anakuja analia, arekebishe. Spika wa wakati ule akamwambia, kinachothibitishwa hapa ni kile kilichosomwa, si kile kilichoandikwa; Bunge limesikia, Bunge limekubali. Mpaka leo iko kitabuni. Thelathini Februari! Na posho ya siku hiyo walilipwa." Akafuta chozi la kicheko. "Kwa hiyo nenda, usome kilichomo kitabuni, dakika tano, ukapumzike. Na hiyo karatasi niachie."

Karani akaiacha karatasi. Akashukuru kwa chai, ambayo hakuinywa.

*

Saa tatu ukumbi ulikuwa kama soko la alfajiri. Kusomwa kwa kumbukumbu ni wakati ambao waheshimiwa huutumia kusalimiana, kuulizana habari za matumbo na watoto, kuonyeshana picha kwenye simu. Hakuna mtu, tangu Bunge lile lijengwe, aliyewahi kusikiliza orodha ya namba za viti. Hata wakalimani wa lugha ya ishara hupumzisha mikono. Spika alikuwa amerudi kutoka msibani, macho mekundu, anasaini barua. Katibu alikuwa amesimama kando yake, ameinamia sikio lake. Naibu Spika alikuwa amerudi kiti namba themanini na nane, na gazeti.

Karani akasimama na kitabu kikubwa.

"Waliosema ndiyo," akaanza. "Kiti namba moja. Namba nne. Namba tano. Namba tisa."

Ilikuwa ileile sauti ya kuhesabu magunia. Namba zikapita. Themanini. Themanini na tatu. Themanini na saba. Kitabuni, kwa mwandiko wake mwenyewe na wino mweusi, iliyofuata ilikuwa themanini na nane. Akaiona. Akaona pia milango, na askari wawili wa mlangoni, na mmoja wao anapiga miayo.

"Themanini na tisa," akasoma.

Hakuna kilichotokea. Mheshimiwa mmoja nyuma alicheka, lakini alikuwa anacheka habari ya jirani yake. Karani aliendelea mpaka mwisho wa safu. "Jumla ya ndiyo, mia moja na kumi na moja." Akafungua ukurasa. Akasoma hapana, zote, moja moja, bila kuharakisha, kwa maana mwizi ndiye anayeharakisha. "Jumla ya hapana, mia moja na kumi na moja. Kiti namba themanini na nane, kwa kuwa alikalia kiti cha Spika, hakuitwa na hakupiga kura. Tiki aliyotiliwa ilikuwa kosa la karani. Kura zimelingana. Hoja imeanguka. Mwisho wa kumbukumbu."

Kelele za ukumbi ziliendelea kama maji ya bomba. Ila watu wawili walikuwa wamesikia. Katibu alikuwa ameinua kichwa kutoka sikioni mwa Spika, uso umemwisha damu, mdomo wazi. Lakini ofisa wa meza haruhusiwi kumkatiza Spika anapofungua kinywa, na Spika alikuwa ameshafungua.

Wa pili alikuwa Naibu. Gazeti liliteremka. Alimtazama karani moja kwa moja, mzee kwa mzee. Kumbukumbu ikipingwa, namba husomwa upya kwa sauti na kila mtu huulizwa alisema nini Ijumaa. Naye alijua alichosema Ijumaa: hakusema kitu. Nusu dakika yake ya kusimama na kupinga ilikuwa hiyo. Karani aliiona ikipita. Naibu akakohoa kile kikohozi chake kifupi, akainua gazeti, akajifunika.

"Waheshimiwa," Spika akasema bila kuinua macho kutoka kwenye barua zake, "kumbukumbu ni sahihi?"

"Ndiyoooo!"

Ilikuwa ndiyo kubwa, ya pamoja, ya watu wanaotaka kuendelea na mazungumzo. Nyundo ikagonga mara moja.

*

"Umefanya nini?" Katibu aliuliza, mlango umefungwa. Hakuwa anapiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

"Nimesoma kumbukumbu."

"Hukusoma kilichomo kitabuni!"

"Kinachothibitishwa ni kilichosomwa, mkuu."

Katibu akakaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Kwa muda mrefu alitazama simu yake ikitetemeka mezani, ikisogea yenyewe kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na jina la mtu mkubwa likiwaka na kuzima. Hakuipokea.

"Hoja iliyoanguka hairudi mpaka mwaka uishe," akasema, kama anajisomea mwenyewe. "Wataniuliza nilikuwa wapi. Nitasema nilikuwa pale pale, nimesimama." Akavuta karatasi, akaandika mistari minne, akaisaini. "Unakwenda likizo. Kuanzia sasa hivi. Usiongee na mwandishi yeyote. Usisafiri. Watu watakuja kukuuliza maswali."

"Watu gani?"

"Mzee wangu," Katibu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mwenye hofu kama karani, "ningejua, ningekuambia."

*

Alifika nyumbani saa saba mchana, saa ambayo mtaa haujawahi kumwona. Kutoka mbali akasikia chuma kikilia. Mkwewe, mume wa binti yao, alikuwa juu ya paa amekaa kitako, anachomoa misumari. Mabati sita yalikuwa tayari yameegeshwa ukutani, na mkewe anayapanga, nguo zimejaa kutu. Sebuleni mlikuwa na jua, juu ya kochi, juu ya cherehani, juu ya binti yao aliyekuwa amejifunika khanga kichwani ndani ya nyumba yao wenyewe.

Mkewe akamwona. Akaangalia jua, akaangalia saa ya ukutani ambayo sasa ilikuwa nje na ndani kwa wakati mmoja.

"Umerudi mapema."

"Nimepewa likizo."

"Ya mpaka lini?"

"Hawakuandika."

Akaliweka bati chini kwa uangalifu ili lisipige kelele. "Umesema?"

"Nimesoma. Wamekubali. Mswada umeanguka."

Mkewe hakupiga kigelegele. Alimsogelea, akamshika kola ya shati, akaikunjua palipokunjika, kama anavyofanya kwa mteja anayejaribu nguo. Vidole vyake vilikuwa vya baridi pamoja na jua lile lote.

"Watakuja?"

"Watakuja."

"Lini?"

"Sijui, mama watoto. Huenda leo. Huenda baada ya mwezi."

Akawaza. Kisha akainua kichwa, akaita juu ya paa, "Wewe baba, acha kuchomoa. Shuka, ukanywe maji."

"Tumebakiza ya huku nyuma tu, mama!"

"Nimesema acha. Tunayarudisha."

Kijana akashuka haelewi kitu. Karani akavua koti lake la bungeni, akalitundika kwenye mpini wa cherehani, akapanda ngazi. Hakuwahi kupanda paa tangu ajenge, na magoti yalimshangaa. Mkewe akampandishia bati la kwanza, halafu nyundo, halafu akasimama kwenye ngazi akiwa na misumari ameibana midomoni, kama anavyobana pini akishona.

Akapiga wa kwanza. Ukaingia. Akapiga wa pili. Kutoka barabarani ikasikika injini ya gari, nzito, inapunguza mwendo karibu na kona ya kinyozi. Karani akasimamisha nyundo hewani. Mkewe hakugeuka, naye alikuwa anasikiliza, shingo imekaza. Gari likasita pale, mlango ukafunguliwa, mtu akaongea na mtu, mlango ukafungwa. Likaondoka taratibu, likipita mbele ya namba zile za buluu moja baada ya nyingine, na halikusimama.

Mkewe akatoa msumari mdomoni, akamnyooshea.

"Piga," akasema. "Kabla ya mvua, au kabla yao."